Kwa nini Kilwa, wala si Sofala

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani: dhahabu ilitoka Sofala, huko kusini kwenye pwani ya Msumbiji, iweje utajiri ujengeke Kilwa? Jibu langu ni upepo.

Kuanzia Desemba hivi kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ilishusha vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Aprili kusi, upepo utokao kusini, ikashika zamu, ikavirudisha. Nahodha wa Aden aliweza kufika Kilwa, akauza, akanunua, akarejea kwao na kusi ileile. Akijitia kuteremka hadi Sofala, msimu ulimpita, akakaa mpaka mwaka wa pili. Basi watu wa Kilwa wakaifuata dhahabu wenyewe, wakaiweka ghalani wageni wasijafika. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Kilwa mwaka 1331 aliambiwa Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Hakwenda. Alipanda chombo akaelekea Dhofar, pwani ya Arabuni.

Mimi kinachonivutia zaidi ni ile miezi ya kungoja. Jahazi lilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, mabaharia wakatia kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwenye maungio ya mbao, na chini kukapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mfanyabiashara naye yuko kwa mwenyeji wake, anakopesha, anadai, pengine anaoa. Kwa maoni yangu miji yetu ya mawe inadaiwa zaidi na kungoja huko kuliko na dhahabu yenyewe.

Asiyengoja alikuwa Vasco da Gama, yule nahodha Mreno. Mwaka 1498 alivuka kutoka Malindi hadi Calicut, mji wa pwani ya India, kwa siku kama 23, ana rubani aliyepewa Malindi na kusi iko mgongoni. Kurudi, aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, kaskazi haijashika. (Alikuwa amekosana na watu wa Calicut, nakubali, lakini bahari haijui ugomvi wa mtu.) Walihangaika karibu miezi mitatu, watu 30 wakafa, wengi kwa kiseyeye. Mabaharia waliosalia hawakutosha meli zote, ikabidi aichome mojawapo, São Rafael, kusini ya Mombasa.

Ile ramani ya Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa, uliyoniahidi, nitumie ukiipata. Nataka kuona maghala yalikaa upande gani.

Nduguyo,
Hamisi