Wanaokwenda kusoma Ujerumani wafundishwe habari za Tendaguru

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani na wale wenye dhamana ya kuwaandaa, jambo lililonikuta katika safari ya siku mbili ya wanafunzi wa kigeni kutoka Leipzig kwenda Berlin.

Safari kama hizi huandaliwa mwishoni mwa wiki na ofisi inayotuhudumia sisi tuliotoka nje. Mwanafunzi huchangia kiasi fulani, kundi husafiri kwa treni za mikoa ambazo tiketi yetu ya mwezi inaziruhusu, na usiku wa Jumamosi hulala hosteli ya vijana, watu sita chumba kimoja. Wenzetu wa Kolombia na Vietnam hujiandikisha siku ileile tangazo linapotoka. Sisi Watanzania, kwa nilivyoona, husitasita, kwa sababu mchango huo ni chakula cha wiki nzima, na kwa sababu nyumbani tuliagwa kwa kuambiwa twende tukasome, tusiende kutembea. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kubaki bwenini, na nisingekwenda kama dada mmoja wa Ghana tunayesoma naye asingenifuata mlangoni na kuniuliza nitawasimulia nini watu wa kwetu kuhusu nchi niliyoijua kwa maktaba na duka la vyakula tu.

Jumamosi mchana tulifika Museum für Naturkunde, makumbusho ya elimu ya viumbe yaliyopo Invalidenstraße. Ukumbi wa kwanza tu unakukabili na mifupa ya mnyama aliyesimamishwa kwa kimo cha mita 13.27, shingo ikielekea kwenye paa la kioo, na kibao kinaeleza kwamba imetoka Tendaguru, kilima kilichopo mkoani Lindi. Ni yule dinosaria ambaye nyumbani tumezoea kumwita mjusi mkubwa wa Tendaguru, na ambaye habari za kurudishwa kwake zimesikika bungeni zaidi ya mara moja. Pembeni yake wamesimama wanyama wengine wa kale kutoka kilima hichohicho. Mwongozaji wetu aliuliza kama kuna mtu yeyote kati yetu anayetoka Tanzania, na watu ishirini na wawili wakanigeukia.

Maswali yao yalikuwa ya heshima, tena ya kweli kabisa. Tendaguru iko umbali gani kutoka baharini? Nani aliichimba mifupa hii, na aliifikishaje pwani? Wenyeji wa huko wanasimulia nini juu yake? Nami nimezaliwa Masasi, na basi la kwenda Dar es Salaam limenipitisha Mingoyo mara nyingi kiasi kwamba najua wauza korosho husimama upande gani wa barabara. Pamoja na hayo sikuwa na cha kuwaambia zaidi ya sentensi moja niliyobaki nayo tangu shule ya msingi, kwamba Wajerumani walimchukua mjusi wetu. Mwongozaji, kijana wa Kijerumani, ndiye aliyenieleza habari za mkoa jirani na nyumbani kwetu, na alifanya hivyo kwa upole ulionizidishia uchungu.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata. Kilima hicho kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mifupa ilitolewa taarifa mwaka 1906 na mhandisi wa madini aliyeitwa Bernhard Sattler, na uchimbaji mkubwa wa makumbusho ya Berlin ukaendelea kati ya mwaka 1909 na 1913 chini ya Werner Janensch na wenzake. Lakini kazi yenyewe ya majembe, ya kusafisha na ya kufungasha ilifanywa na watu wetu, mamia kwa wakati mmoja, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye jina lake ningependa kila mtoto wa Lindi na Mtwara alijue. Mizigo ilibebwa na wapagazi kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na jumla yake ilizidi tani 200. Na haya yalitendeka katika nchi ambayo Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, vilikuwa vimetoka kuikausha watu. Mtu akiyajua haya, mifupa ile haimwambii tena habari za miaka milioni 150 iliyopita peke yake. Inamwambia pia habari za babu zetu waliokuwa wamezika ndugu zao juzi tu.

Ndiyo maana naandika. Semina niliyohudhuria kabla ya kuondoka ilitufundisha viza, bima ya afya, akaunti ya benki na uzito wa koti la baridi. Yote yalinifaa, nami nawashukuru waliotufundisha. Hata hivyo, naomba wafadhili, vyuo na balozi zinazohusika waongeze nusu siku ya kuwaeleza wanafunzi ni vitu gani vya nchi yetu watakavyovikuta huko, vilitoka kwetu kwa njia gani, na mikono ya nani ilivitoa. Wapo walimu wa historia na wa jiolojia wanaoweza kuifanya kazi hiyo hapa nyumbani bila kumsubiri mtaalamu kutoka nje. Kwa wanaotoka kusini, ingewezekana hata kufika Lindi na kuzungumza na wazee wa vijiji vya jirani na Tendaguru, maana swali moja kati ya yale niliyoulizwa, lile la masimulizi ya wenyeji, sijalipatia jibu katika kitabu chochote nilichokisoma.

Kwa wanafunzi wenzangu walioko huko, nawasihi wasiziache safari hizi. Najua thamani ya euro moja kwa mtu anayeishi kwa posho, na simlaumu anayebaki. Lakini darasani hakuna aliyewahi kuniuliza habari za Tanzania, kwa kuwa tunazungumza uhandisi wa maji basi. Ni kwenye treni, na katika ukumbi ule, ndipo watu wa mataifa tisa walipotaka kusikia kutoka kwangu.

Muhula mpya wa Ujerumani huanza Oktoba, na wanaokwenda sasa hivi wanashughulikia viza zao. Nusu siku ninayoiomba bado inaweza kupatikana kabla hawajaondoka, nami niko tayari kufika kwa nauli yangu na kuwasimulia niliyoyasoma.

Ni mimi msomaji wako,
Masasi, Mtwara