Tathmini za AMCOS zisiishie kwenye wastani

Mhariri,

Wakulima wa korosho wakikilalamikia chama chao cha msingi cha ushirika (AMCOS), huku Mtwara na Lindi dawa inayopendekezwa upesi huwa bodi kuvunjwa au viongozi kupelekwa semina. Uchunguzi ukifanyika, mkutano mkuu husomewa wastani, kisha ajenda inafungwa. Wanachama wanastahili zaidi ya hapo.

Tuseme wakulima 10 wamesubiri malipo baada ya mnada kwa siku 5, 6, 6, 7, 7, 7, 8, 8, 30 na 36. Wastani ni siku 12, ingawa hakuna aliyesubiri siku 12. Waliokaa katikati ya mfuatano wamesubiri siku 7. Kwa hiyo chama kizima hakijachelewesha malipo. Kuna wakulima wawili ambao karatasi zao lazima zifuatiliwe, kuanzia jina la akaunti ya benki hadi stakabadhi ya mzigo. Dodoso la alama 1 hadi 5 lina mtego uleule: nusu wakitoa 1 na nusu 5, wastani unakuwa 3, na ripoti itaandika kwamba wanachama "wameridhika kiasi" wakati chama kimepasuka pande mbili.

Jambo linalogombanisha watu zaidi ni upungufu wa uzito kati ya ghala la AMCOS na ghala kuu. Utetezi ni ule ule kila msimu: korosho zimenyauka. Kunyauka kupo, lakini kunapimika. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 12 zikikauka hadi asilimia 10, kilo 880 zisizo maji hubaki zilezile, hivyo uzito mpya ni 880 gawanya kwa 0.90, yaani kilo 978. Zimepungua kilo 22. Anayeripoti upungufu wa kilo 50 kwa mzigo huo ana kilo 28 za kueleza.

Kazi ya mchambuzi ni kuchora nukta moja kwa kila mzigo: siku ulizokaa ghalani kwenye mstari wa chini, asilimia ya upungufu kwenye mstari wa pembeni. Kama sababu ni kunyauka, nukta zitapanda kadiri siku zinavyoongezeka. Mizigo iliyokaa siku mbili ikipungua sawa na ya wiki tatu, ikaguliwe mizani, magunia na safari. Hapo pia tahadhari inahitajika: mzigo mmoja wa ajabu unaweza kuuvuta mstari wote unaochorwa kupitia nukta, na ukilinganisha vyama 8 tu, kipimo cha uhusiano kati ya siku na upungufu, ambacho ukomo wake ni 1, kisipovuka takriban 0.71 kinaweza kuwa bahati tupu. Hata kikivuka, bado hakijasema kipi kimesababisha kipi.

Hapo ndipo mahojiano yanapohitajika, nayo yana nidhamu yake. Kuokota kauli mbili kali na kuzipamba kwenye ripoti si uchambuzi. Majibu yote yasomwe kwanza, kila kauli iandikwe kwenye kadi yake, kila kundi la kauli lipewe maana iliyoandikwa, kisha watu wawili wazipange kila mmoja peke yake. Wakiafikiana kwenye kadi 80 kati ya 100 wasishangilie mapema. Makundi yakiwa mawili yanayolingana, hata kubahatisha kungewapa karibu 50. Zile 20 wanazobishania ndizo zenye kazi, kwa kuwa mara nyingi maana ya kundi haikuandikwa vizuri.

Tena, wahojiwe nani? Waliofika mkutanoni mara nyingi ni wale ambao bado wana imani na chama. Aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa magendo nje ya chama, kwa sababu ada ya shule haikungoja mnada hatajaza dodoso lenye jina lake. Afuatwe kijijini na mtu asiye wa bodi, bila kuandika jina, aulizwe ni mwezi gani fedha humwishia nyumbani kabla ya kuulizwa aliuza wapi.

Tunawaomba maafisa ushirika wa wilaya wadai jedwali la mizigo yote, mzigo kwa mzigo, pamoja na tarehe, unyevu na uzito wa pande zote mbili, na libandikwe kwenye ubao wa chama siku saba kabla ya mkutano mkuu.

Wasomaji wako,
Masasi, Mtwara