Barua ya wazi kwa vijana mnaojifunza akili mnemba

Wanangu,

Nimewasikia mkizungumza kana kwamba akili mnemba ilizaliwa tarehe 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma. Sikuwakatiza, ila jambo hilo limenikaa moyoni. Mnaingia katika fani hii wakati wa neema, na aliyeingia wakati wa neema hajui ukame wake ulivyo. Ukame huo umeshakuja, tena zaidi ya mara moja.

Anzieni mwaka 1956, katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. John McCarthy, Marvin Minsky, Claude Shannon na Nathaniel Rochester walikuwa wameomba fedha mwaka mmoja kabla, wakiamini kwamba wataalamu 10 wakikaa pamoja miezi miwili watapiga hatua kubwa ya kuifanya mashine itumie lugha na kujiboresha yenyewe. Jina la fani yetu limetoka katika ombi lile. Walikuwa watu wenye vichwa hasa, lakini hapo ndipo ilipoanza tabia ya kuipangia ndoto tarehe. Mwaka 1958 watafiti wenzao Herbert Simon na Allen Newell walitabiri kwamba ndani ya miaka 10 kompyuta itakuwa bingwa wa dunia wa sataranji. Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997. Utabiri ulitimia, ila ulichelewa miaka 29.

Mtu ninayetaka mumjue zaidi ni Frank Rosenblatt. Mwaka huohuo wa 1958 alionyesha wazo lake la Perseptroni, mfano wa seli za neva za ubongo unaojifunza, kwenye kompyuta iliyojaa chumba kizima. Iliwekewa kadi zenye alama, nyingine upande wa kushoto, nyingine kulia, na baada ya majaribio 50 ikajifunza kuzitofautisha. Hakuna aliyeiandikia kanuni ya kushoto na kulia. Ilijirekebisha kila ilipokosea. Hilo tu lilitosha kuwa ajabu. Lakini magazeti yakatangaza kwamba jeshi la wanamaji, lililogharamia kazi ile, linatarajia mashine itakayotembea, itakayoongea na kujitambua. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mwaka 1969 Minsky na Seymour Papert walichapisha kitabu kilichothibitisha kwa hesabu kwamba Perseptroni ya tabaka moja, yaani yenye safu moja tu ya seli hizo za kuigiza, haiwezi kujifunza hata kanuni nyepesi kama hii: itike pale tu kimoja kati ya vitu viwili kinapokuwepo, ikatae vikiwepo vyote au visipokuwepo vyote. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la waliosoma hesabu ya tabaka moja wakahukumu matabaka yote. Fedha zikayeyuka, watu wakahamia kwingine. Rosenblatt alifariki katika ajali ya mashua mwaka 1971, siku aliyotimiza miaka 43, hajaona lolote la yaliyofuata.

Uingereza nayo ilipata ripoti ya James Lighthill mwaka 1973, iliyoukosoa vikali utafiti wa akili mnemba, na vyuo vingi vikakatiwa fedha. Miaka ya 1980 ikaja na mifumo ya kitaalamu, yaani programu zilizoandikiwa kanuni za wataalamu, pesa zikarudi, kisha zikatoweka tena.

Katikati ya ukame huo wapo waliobaki shambani. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walionyesha namna ya kurudisha kosa nyuma, tabaka hadi tabaka, ili mtandao wote, yaani matabaka yote kwa pamoja, ujirekebishe. Hata hapo dunia haikugeuka. Ilibidi kusubiri kompyuta zenye nguvu, na picha nyingi mno. Fei-Fei Li na wenzake walizikusanya mamilioni, na watu wengi wasiojulikana majina waliketi wakizipa lebo moja baada ya nyingine kupitia intaneti. Nawaombeni msiwasahau hao mnaposimulia ushindi. Mwaka 2012 wanafunzi wawili wa Hinton, Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever, walifundisha mtandao wao kwa kadi mbili za michoro za kompyuta, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya video, wakawaacha washindani wao mbali katika shindano la kutambua picha hizo. Mkondo wa leo, pamoja na usanifu wa transfoma wa mwaka 2017, muundo wa mtandao ulio nyuma ya ChatGPT, umetokea upande huo.

Kwa hiyo mkiletewa ahadi yenye tarehe, litengeni wazo na tarehe yake. Tarehe zilikosewa mara nyingi na watu waliotuzidi akili. Msilitupe wazo kwa sababu tarehe imepita, wala msiichukue tarehe kuwa kweli kwa sababu wazo ni zuri.

La pili linahusu mioyo ya watu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ELIZA, iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuongea nayo, kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Jambo hilo lilimtikisa maisha yake yote. Mashine zenu huongea vizuri mara elfu kuliko ile. Mjue kwamba mtu atazifungulia moyo hata akijua zimetengenezwaje, na mzijenge mkilikumbuka hilo.

Na kama yupo miongoni mwenu anayehangaika na wazo ambalo wengine wameliacha, msimpite. Kaeni naye, mumwulize linakwama wapi hasa, katika tabaka moja au katika yote.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu