Risala ya Klabu ya Mpira wa Wavu ya Wanachuo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi mliofika,
Wanachuo wenzetu,
itifaki imezingatiwa.

Karibu sana chuoni kwetu. Tunajua risala za siku kama ya leo zina mpangilio wake: historia fupi, mafanikio, changamoto, halafu maombi marefu kuliko vyote vilivyotangulia. Mwaka huu tumemwomba mlezi wa klabu aturuhusu tuende njia nyingine. Maombi tunayo, Mheshimiwa, usifurahi mapema. Lakini kabla hatujayafikia tunaomba tukusimulie safari ya kazi ya kocha mmoja wa wavu wa chuo kikuu kule Marekani. Tulipoifuatilia tuliona kwamba kile tunachokililia sisi, yeye alikipata, na matunda yake yakaonekana.

Kocha huyo ni Katie Schumacher-Cawley, mzaliwa wa Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alijiunga na Pennsylvania State University, maarufu kwa jina la Penn State, akaichezea timu ya wavu ya wanawake. Mwaka 1999 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani kwa mara ya kwanza, baada ya kufungwa fainali mbili mfululizo, 1997 na 1998.

Aliyemfundisha pale ni Russ Rose, na huyu hatuwezi kumpita kimya kimya. Rose aliinoa Penn State kuanzia 1979 hadi 2021, chuo kilekile, timu ileile. Alishinda mechi 1,330 na kubeba ubingwa mara saba. Kati ya 2007 na 2010 kikosi chake kilicheza mechi 109 bila kupoteza hata moja. Tuliotazama mechi zake za zamani kwenye simu tulitegemea kumwona mtu anayeruka na kupiga kelele pembeni ya uwanja. Tukamkuta mzee amekaa kwenye benchi, karatasi mkononi, anaandika mwenyewe kila mpira ulivyopigwa na ulivyopokelewa. Wapo kati yetu waliosema kocha wa namna hiyo hapa kwetu angefukuzwa kwa tuhuma za kutojali timu.

Turudi kwa mwanafunzi wake. Alipomaliza kucheza hakukabidhiwa timu kubwa. Alipita njia ya wengi: akaenda kuifundisha timu ya University of Illinois Chicago, ambayo si jina la kutisha katika mchezo huu, akakaa hapo miaka kadhaa. Kisha akaenda University of Pennsylvania, ambacho ni chuo kingine, si Penn State. Mwaka 2018 akarudi Penn State, safari hii akiwa chini ya Rose katika benchi la ufundi, yaani mtu aliyekwisha kuwa kocha mkuu kwingine akakubali kuwa msaidizi. Rose alipostaafu, timu ikawa yake kuanzia 2022. Tangu ubingwa wa 1999 hadi hapo ni zaidi ya miaka 20, na karibu yote yalipita bila mtu wa nje ya mchezo kumfahamu.

Ni kazi gani hiyo inayomeza miaka yote hiyo? Wengi wanaona jioni ya mechi tu. Kocha wa chuo kule anazunguka kwenye mashindano ya shule za sekondari kutafuta wasichana atakaowahitaji miaka miwili au mitatu mbele. Kwa kanuni zilizokuwepo hadi juzijuzi, timu ya wanawake ya daraja la juu ilikuwa na nafasi 12 za ufadhili kamili wa masomo, kwa hiyo akikosea kuchagua seta mmoja, yaani mpangaji wa mipira, atakaa na kosa hilo miaka minne. Mchezaji huyo huyo lazima afaulu darasani, la sivyo haruhusiwi kucheza. Kisha kila mwaka wa mwisho wanahitimu, wanaondoka, na kocha anaanza kujenga upya. Kwenye klabu unaweza kumbakiza nyota wako miaka kumi. Chuoni, mchezaji akikomaa tu, anavaa joho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike mwaka 2024, na hapa tunaomba utuvumilie tuchukue muda.

Msimu ukiwa unaendelea, Schumacher-Cawley alitangaza kwamba amegundulika kuwa na saratani ya matiti, hatua ya pili. Ni mke, na ni mama wa watoto watatu wa kike. Akaanza matibabu, na akaendelea kukaa kwenye benchi la timu yake. Hatusemi kila mgonjwa afanye hivyo. Mwili wa mtu na ushauri wa daktari wake ni mambo yao wawili. Tunasema tu kwamba yeye alifanya hivyo, na wachezaji wake wakaingia kila mechi wakijua.

Desemba 19 walikutana na timu ya chuo kikuu cha Nebraska katika nusu fainali, mjini Louisville. Seti ya kwanza wakapoteza 25 kwa 23. Ya pili wakapoteza 25 kwa 18. Wakaponea ya tatu, 25 kwa 23. Katika seti ya nne Nebraska walikuwa mbele 22 kwa 16, baadaye 24 kwa 22, maana yake pointi moja tu iwapeleke fainali. Anayeujua mchezo wetu anajua kwamba hapo watazamaji wameshaanza kutafuta funguo za magari. Penn State wakazima pointi zote mbili, wakachukua seti 28 kwa 26, wakamaliza ya tano 15 kwa 13.

Siku tatu baadaye, fainali ikawa dhidi ya chuo kikuu cha Louisville, wenyeji wenyewe, katika mji wao wa nyumbani. Penn State wakashinda seti tatu kwa moja: 25-23, 32-34, 25-20, 25-17. Ukawa ubingwa wa nane wa chuo hicho, na wa kwanza bila Rose.

Kuna jambo jingine lililotokea usiku huo. Mashindano ya ubingwa wa wavu wa wanawake chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, yalianza mwaka 1981. Tangu hapo hadi Desemba 2024 hakuna mwanamke aliyewahi kuyashinda akiwa kocha mkuu. Mary Wise, aliyepewa timu ya chuo kikuu cha Iowa State akiwa na umri wa miaka 21 tu na baadaye akaifundisha ya chuo kikuu cha Florida kuanzia 1991, alikuwa mwanamke wa kwanza kuifikisha timu fainali, mwaka 2003. Alifungwa. Akarudi fainali 2017, akafungwa tena. Safari hii haikuwezekana mwanamke akose, kwa sababu Louisville nayo ilifundishwa na mwanamke, Dani Busboom Kelly, ambaye naye alikuwa mchezaji wa Nebraska ilipotwaa ubingwa wa 2006. Makocha wote wawili wa fainali ile, basi, ni wasichana waliowahi kuvaa medali ya ubingwa wakiwa wanafunzi, na mchezo haukuwaacha wapotee.

Sababu ya kuchelewa hivyo ilitushangaza. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali, na michezo ya wasichana ikapanuka sana. Kabla ya hapo zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Leo ni chini ya nusu. Kazi ilipoanza kulipa, wanaume wakaipenda. Hatuwalaumu, kocha wetu mwenyewe ni mwanamume na tunampenda. Lakini tumejifunza kwamba michezo ya wasichana inaweza kukua huku benchi lake likiwaponyoka wanawake wenyewe.

Jirani zetu Kenya wana timu ya wanawake, Malkia Strikers, iliyofika Olimpiki mara nne. Tokyo waliongozwa na Mbrazili Luizomar de Moura, Paris 2024 na Japheth Munala, makocha wanaume wenye sifa zao. Lakini kwenye benchi la Paris alikuwepo pia Janet Wanja, seta aliyeichezea Kenya katika Olimpiki ya Athens 2004, sasa akiwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alifariki kwa saratani mwishoni mwa Desemba 2024, siku chache tu baada ya fainali ile ya Louisville. Wachezaji wetu wawili walijifunza kupanga mipira kwa kutazama mikono yake, na tunaomba jina lake litajwe leo mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanachuo wa ualimu. Tukihitimu na kuripoti shuleni, mkuu wa shule atauliza nani aliwahi kucheza, na aliyenyoosha mkono ndiye mwalimu wa michezo mpaka atakapohamishwa. Si jambo dogo. Al Scates, aliyeipa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles kule Marekani, ubingwa wa wavu wa wanaume mara 19, kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi mchana, na jioni akienda kuifundisha timu ya chuo kikuu. Sisi tutafika vituoni tukijua kucheza. Kufundisha kucheza ni elimu nyingine: kupanga mazoezi ya wiki, kumkinga mtoto asiumie goti, kuandika takwimu, kuamua lini uombe mapumziko na lini ukae kimya.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. La kwanza na kubwa, utusaidie kugharamia kozi ya awali ya ukocha kwa wachezaji wetu wa kike wa mwaka wa mwisho, kabla hawajaenda vituoni. Tunapendekeza uanze na wawili, na kila mwaka wawili wengine. Waliochaguliwa wamekubali kwa maandishi kurudi likizo kutufundisha tunaobaki.

La pili ni wavu mpya na mipira. Wavu tulio nao umeshonwa mara nyingi kiasi kwamba mpira ukigonga kulia unadondokea kushoto, utajionea mwenyewe mchezo ukianza.

Kuhusu jezi, tulizonazo zinatosha. Tumeona tuseme, kwa kuwa wageni wengi huanza na jezi.

Timu zote mbili zinapasha misuli moto na mwamuzi anasubiri wewe urushe mpira wa kwanza.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu, kwa niaba ya wachezaji wote.