Riba ya mkopo wa gari: si kila gari jipya lina punguzo la kodi

Mhariri,

Tangu sheria mpya ya kodi ya Marekani itiwe saini Julai 4, 2025, kauli moja imetuenea Waswahili tunaoishi huku: "Nunua gari jipya, riba utarudishiwa na serikali." Nimeisikia harusini na kwenye makundi ya WhatsApp, na nimemsikia muuzaji wa yadi akimwambia hivyo mama aliyekwisha shika kalamu ya kusaini. Naomba nafasi niipinge, kwa sababu inawatia watu kwenye madeni.

Sheria hiyo inatoa punguzo la kodi kwa riba ya mkopo wa gari, lakini upya wa gari peke yake hautoshi. Ni lazima liwe limeunganishwa kikamilifu ndani ya Marekani, na jina la kampuni halikuambii hilo. Ford Maverick, pikapu ya kampuni ya Kimarekani, huunganishwa Hermosillo, Mexico, kwa hiyo haimo. Toyota Camry inayotoka Georgetown, Kentucky, imo. Honda CR-V ndiyo inayotatiza zaidi: nyingine hutoka East Liberty, hapa kwetu Ohio, nyingine Ontario, Canada. Zinaweza kupangwa pamoja yadi moja, rangi moja, bei moja, mnunuzi mmoja akapata punguzo na mwenzake akakosa. Basi likague gari lile lile unalolinunua. Karatasi ya bei iliyobandikwa kiooni hutaja mahali lilipounganishwa. Tazama pia chesisi namba: ikianza na 2 gari limetoka Canada, 3 Mexico, J Japani. Namba hiyo utatakiwa kuiandika kwenye ritani yako ya kodi.

Mkopo nao una masharti yake. Uwe umechukuliwa kuanzia 2025, gari lenyewe likiwa dhamana, na liwe la matumizi binafsi. Gari la kukodi kwa mkataba halihusiki. Ukomo ni riba ya dola 10,000 kwa mwaka, hadi 2028, na punguzo huanza kumegwa mapato yakizidi dola 100,000, au 200,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja.

Hilo neno "utarudishiwa" ndilo baya zaidi. Riba huondolewa tu kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Mkopo wa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 7, miaka sita, una riba ya karibu dola 2,000 mwaka wa kwanza. Anayetozwa asilimia 12 ataokoa kama dola 240, yaani 20 kwa mwezi. Ambaye mapato yake hayafikii kutozwa kodi hapati hata senti. Mtu asiache gari lake zima akabebe deni la miaka sita kwa ajili ya dola 20!

Kinachoniuma ni walioachwa nje. Mgeni asiye na historia ya mikopo hununua gari lililotumika, na ndiye anayebanwa na riba kubwa kuliko wote. Sheria hii haimpi kitu, hata kama gari lake liliundwa hapa hapa Ohio. Huo si uungwana. Sisi wenye kura tuwaandikie wawakilishi wetu wa Congress wayaingize magari yaliyotumika. Nanyi gazetini, naomba mchapishe masharti haya mapema, kabla watu hawajaanza kujaza ritani.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio