Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuletea picha ya vita Mkunguni

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Jina lako na cheo chako sitavitaja humu, kwa sababu Lamu ni mji mdogo na wewe mwenyewe unajijua. Barua tatu nilizokuandikia kwa jina lako kamili hazikujibiwa. Huenda hii isiyo na jina ikakufikia.

Nakuandikia kuhusu usiku ule wa wiki ya Mashujaa, ulipotundika kitambaa cheupe katika uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ukapanga spika nne zenye kimo cha mtu, ukawaonyesha vijana wetu bure picha ya vita ya Kimarekani ili, kama ulivyosema kwenye kipaza sauti, wajue maana ya ushujaa. Nyumba yetu haifiki hatua 200 kutoka Mkunguni. Wewe ni mzaliwa wa hapa na unavijua vichochoro vyetu: punda wawili wenye mizigo hawapishani, kuta za mawe zimepanda pande zote mbili, na sauti ikishaingia humo haina pa kutokea, hugonga ukuta huu ikarudi kwa ule. Bomu la kwanza lilipolia, sahani zilitikisika kabatini. La pili lilipolia, taa zote za nyumba zilikuwa zimekwisha kuzimwa, na mdogo wangu, aliyelitumikia jeshi la nchi hii miaka 7 na kupelekwa Somalia mara mbili, alikuwa chini ya kitanda cha mama yetu, amemkumbatia binti yake wa miaka 9 na kumziba mdomo kwa kiganja, asije akalia wakasikika.

Alimziba mpaka picha ikaisha. Ilichukua saa moja na dakika 40, nami nazijua dakika hizo kwa sababu nililala kifudifudi sakafuni kando ya kitanda hicho, nikimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni picha, ni picha tu, na kila kishindo kilipolia huko nje niliwasikia watu wako wakipiga makofi. Alfajiri mtoto alikuwa na alama za vidole vinne shavuni. Baba yake alizitazama, akaniuliza ni nani aliyempiga.

Asubuhi nilikuja ofisini kwako. Nilipokewa kwa adabu, hilo silikatai, nikapewa kiti, na kijana wako akanisikiliza mpaka mwisho kisha akanijibu kwa maneno matatu: "Mzee, picha tu." Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe usiku kucha, na hayakumfaa mtu.

Naomba usinichukulie kuwa mtu anayechukia sinema. Wewe ndiye wa mwisho mjini kuweza kunisingizia hilo, kwa kuwa ulikuwa ukikaa mkeka wa mbele katika banda langu la video kule Langoni, kwa shilingi 5, na siku ulizokuwa huna shilingi 5 niliwahi kukufukuza? Nilikuwa na deki moja, televisheni moja na kanda zilizochakaa, nikisimama pembeni kuwatafsirieni kila neno kwa Kiswahili. Stelingi, kama tulivyomwita shujaa wa picha, hakuwahi kufa katika banda langu. Alipigwa risasi begani, akajifunga kitambaa kwa meno, akaendelea kukimbia. Na kila adui alipoanguka mimi niliongeza kichekesho changu, kisichokuwemo katika picha, nanyi mkacheka mpaka bati likatetemeka. Mdogo wangu alikaa ubavuni pako kwenye mkeka huohuo. Mwaka 2010 alipokwenda kujiandikisha, akakimbia, akakaguliwa meno na nyayo, akachukuliwa kwenda Eldoret kufunzwa, aliniambia kwa furaha kwamba sasa na yeye atakuwa stelingi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, lawama ninayokuletea leo nimeanza kwa kujivika mwenyewe, na wala sijaivua.

Tangu aliporudi mwaka 2017 nalala katika daka la nyumba, kile kibaraza cha mlangoni, nimeziba mlango kwa mwili wangu, kwa sababu hutoka usiku akaenda ufukweni kutazama upande wa Manda. Mkewe alivumilia miaka miwili, kisha akarudi kwao Faza; simlaumu. Hisa yangu katika jahazi nimeiuza kulipia safari za Mombasa, za madaktari na dawa za usingizi zinazomlaza mchana zikamwacha macho usiku. Mama ana presha. Sufuria haziwekwi tena juu ya rafu, zisije zikaanguka. Matari ya Maulidi, ajabu, hayamdhuru hata kidogo, nadhani kwa kuwa ameyazoea tangu tumboni. Lakini mlango ukipigwa na upepo ni kosa, fataki za harusi ni kosa, na pikipiki iliyowashwa ghafla tulipofika Mokowe ilimfanya ajitupe chini mbele ya abiria wote. Nimekuwa mlinzi wa milango na sufuria, na nina umri wa miaka 56.

Usiku ninaposhinda macho husoma kwenye simu, na kwa kuwa sinema ndiyo niliyoijua, husoma habari za sinema. Nilisoma habari za Audie Murphy, askari wa Marekani aliyetunukiwa nishani ya juu kabisa ya nchi yake katika Vita Kuu ya Pili, akarudi akafanywa nyota, na mwaka 1955 akaigiza maisha yake mwenyewe vitani. Fikiria stelingi ambaye ni wa kweli, mambo ameyafanya kweli, na anayarudia mbele ya kamera huku akipigiwa makofi. Mtu huyo hakuweza kulala. Aliweka bastola yenye risasi chini ya mto, akawa mtumwa wa vidonge vya usingizi, na alipotaka kuviacha alijifungia katika chumba cha hoteli kwa wiki nzima peke yake. Baadaye alisema wazi kwamba askari wanaorudi wanaumwa na kwamba serikali inapaswa kulishughulikia. Picha yake ilipendwa na wengi sana. Bastola iliyo chini ya mto haikuwa na mahali ndani yake.

Nilisoma pia kwamba jeshi hilohilo la Marekani lilimwagiza mwongozaji John Huston atengeneze filamu juu ya askari waliovunjika nafsi, naye akaingia hospitalini akawapiga picha wenyewe, si waigizaji: mmoja hawezi kutembea ilhali miguu yake mizima, mwingine amepoteza kumbukumbu ya jina lake, mwingine kila akitaka kusema anakwama. Ilipokuwa tayari kuonyeshwa mwaka 1946, jeshi likaizuia, ikafungiwa zaidi ya miaka 30. Waliijua, basi. Walikuwa nayo kabatini. Na huku nyuma waliendelea kuwaazima watengenezaji wa picha nyingine meli na ndege zao za kivita, kwa sharti kwamba jeshi kwanza lisome hadithi na liseme kipi kibadilishwe. Nadhani, na ukinisahihisha nitashukuru, kwamba ndiyo sababu askari wa picha ile uliyotuletea alirudi nyumbani jioni, mbwa akamkimbilia, mke akalia kwa furaha, muziki ukapanda, maandishi yakaanza kushuka. Sikuiona kwa macho, niliisikia yote nikiwa sakafuni, na muziki wa kurudi nyumbani naujua.

Tena, kwa kuwa nimemtaja mke, yuko Harold Russell, askari wa Marekani aliyepoteza mikono yote miwili kwa baruti akiwa mazoezini mwaka 1944, kabla hata ya kufika vitani. Aliigiza askari asiye na mikono, akapewa tuzo mbili za Oscar kwa kazi hiyo moja. Mwaka 1992 aliiuza moja kwa dola 60,500, akasema anahitaji fedha kwa ajili ya afya ya mkewe. Mimi niliuza hisa ya jahazi na sikupata hata robo ya hizo, ila nilimwelewa mzee yule papo hapo.

Mdogo wangu hasimulii sana, lakini aliyonisimulia hayafanani na chochote nilichowahi kutafsiri. Anasema vita ni kungoja. Vumbi, joto, maji ya kupimiwa, na barabara ambayo kila kilima kidogo cha mchanga kinaweza kuwa bomu lililofukiwa. Adui hakumwona. Miaka yote hiyo, Mheshimiwa, anasema wale aliowaona vizuri ni wenzake, na mmoja wao alimwona vipande. Katika banda langu adui alikuwa na uso, na alijua kuanguka vizuri. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya jeshi letu ya El Adde, huko Somalia, iliposhambuliwa, yeye alikuwa kambi nyingine na sisi hatukulijua hilo kwa siku nne. Mama alikaa kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, na simu mapajani, hakula wala hakuzungumza, na mdogo wangu alipopiga hatimaye alisema maneno mawili tu, "Niko hai," kwa sauti ambayo mama anaapa mpaka leo kwamba haikuwa ya mwanawe.

Wala sisi wa Lamu hatukuhitaji kuletewa vita kwa jenereta ili tuvijue. Ni kutoka kwetu, Kiwayu mwezi Septemba 2011 na Manda tarehe 1 Oktoba, ndiko wageni walikotekwa, na kabla Oktoba hiyo haijaisha majeshi yetu yakavuka mpaka kuingia Somalia. Mauaji ya Mpeketoni yalikuwa Juni 2014. Wavuvi wetu walipigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 ikashambuliwa kambi ya kijeshi ya Manda Bay. Ni mtoto gani wa hapa asiyejua bunduki inafanya nini, hata aalikwe Mkunguni kufunzwa?

Hata mashujaa tunao. Wazee walitusimulia habari za Fumo Liyongo, nawe ulisimuliwa. Wengi hukumbuka nguvu zake na minyororo aliyoikata kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Mimi siku hizi hukumbuka mwisho. Alipochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alikwenda kisimani akapiga goti, akaweka mshale kwenye uta, akafa hivyo hivyo ameuvuta. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji siku kadhaa, wakidhani yu hai na amekasirika, mpaka mama yake akaja kumbembeleza kwa maneno mazuri. Hiyo ndiyo nyumba yetu. Mdogo wangu amekaa kitini, mgongo ukutani, uso mlangoni, uta umevutwa, na mama yetu mwenye miaka 78 anambembeleza ili sisi wengine tuweze kupita kwenda kuteka maji.

Sasa nikukumbushe, kwa heshima. Mwaka jana barazani, mbele ya wazee na mbele ya mama yangu aliyekuja na mkongojo wake kukusikiliza, uliahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha atapatikana mtaalamu mmoja wa maradhi ya nafsi, atakayevuka kuja Lamu kila mwezi kuwaona vijana waliorudi kutoka vitani, na kwamba ofisi yako itayaandika majina yao. Mama ndiye aliyeandikisha jina la kwanza. Ulimshika mkono, ukamwita mama wa shujaa, mkapigwa picha. Mtaalamu hajaja kwa kuwa, tuliambiwa, hakuna fungu la fedha. Nakupongeza basi kwamba fungu la spika nne, jenereta, na boti ya kuvileta kutoka Mokowe lilipatikana bila taabu. Huenda zoezi la kuandikisha makurutu limekaribia na ukaona vijana wahitaji kutiwa moyo. Hiyo ni dhana yangu tu. Kama ndivyo, ungemwalika mdogo wangu akae mbele ya kitambaa chako dakika kumi, asiseme lolote, watazame tu jinsi anavyokaa.

Nilikusudia kukuomba mengi. Nilitaka kudai mtaalamu yule, na orodha ile, na kwamba picha za namna hiyo zisionyeshwe tena katikati ya mji, au zionyeshwe pamoja na picha inayoeleza yanayofuata, au sauti ipunguzwe, au kitambaa kipelekwe kwenye uwanja ulio mbali na nyumba za watu. Yote hayo nimeyaandika katika zile barua tatu, na yote nayadai bado. Lakini nimechoka, na naona nikidai mengi nitapata "picha tu" nyingine.

Kwa hiyo naomba moja. Nimeona tangazo jipya limebandikwa karibu na soko: picha nyingine, bure, usiku wa tarehe 12 Disemba. Saa haikuandikwa. Naomba uniambie saa, Mheshimiwa. Nina ndugu mwenye shamba la minazi Hindi, na nikijua saa nitamtoa mdogo wangu na binti yake adhuhuri, tuvuke Mokowe kabla ya giza, tulale huko mpaka mmalize. Lakini boti za jioni huwahi kujaa, na mama haendi haraka, na nisipojua saa nitachelewa. Tafadhali niambie saa. Simu yangu iko kwenye barua zote tatu, na ukiipoteza, muulize yeyote Langoni palipokuwa na banda la video, watakuonyesha nyumba.

Wasalaam,

Mwenye banda, Langoni, Lamu