Kilomita 22 za Beaune hadi Santenay, na kwa nini hatuzikodishi kwa nusu siku

Sisi hukodisha baiskeli Beaune, mji wa mvinyo wa Burgundy nchini Ufaransa, na ujumbe kuhusu njia ya kwenda kijiji cha Santenay ni ule ule kila msimu. Safari hii umetoka kwa mteja aliyekuja na wenzake watatu kutoka Brussels: "Njia ni kilomita 22. Kwa baiskeli hiyo ni saa moja na nusu. Mmetukatalia nusu siku ili mtuuzie siku nzima. Tumeona tumeliwa."

Bei zenyewe ziko ukutani. Baiskeli ya kawaida ni yuro 16 kwa nusu siku, yaani saa nne, na yuro 22 kwa siku nzima. Tofauti ni yuro 6. Nusu siku tunaikodisha kila siku kwa anayekwenda vijiji vya karibu. Anayesema anakwenda Santenay na kurudi ndiye tunayemkatalia, na tunamkatalia kwa sababu tunajua ankara yake itakavyokuwa jioni.

Tupige hesabu. Kilomita 22 ni kwenda tu. Na kurudi ni 44. Mwendo wa wateja wetu wengi ni kilomita 12 kwa saa, ukihesabu kusimama kunywa maji na kupiga picha. Hapo ni saa 3 na dakika 40. Kabla hujatoka, fundi anakupimia siti (kisigino juu ya pedali, mguu unyooke), anakuonyesha gia na kufuli, unatia saini: dakika 20. Saa nne zimeisha, na bado hujaingia hata sela moja (ghala la mvinyo lililo chini ya nyumba ya mkulima), hujala, hujakaa kwenye uwanja wa kijiji.

Na 12 kwa saa si uvivu. Voie des Vignes, ndivyo njia inavyoitwa, inaanzia bustani ya Bouzaise upande wa magharibi wa mji na kupita barabara ndogo za mashambani. Barabara hizo ni za matrekta ya wakulima wa zabibu. Baiskeli ni mgeni. Zinakata kona kali kufuata mipaka ya mashamba, na kwenye kila kona mvua imeacha kokoto. Ukiingia hapo na kilomita 20 kwa saa huku umebana breki ya mbele, utaanguka, na kiwiko ndicho kitakachopokea. Kijiji cha Pommard unafika upesi. Baada ya Pommard ardhi inainuka, kwa sababu Volnay imekaa mgongoni mwa kilima, na hapo ndipo wanaobaki kwenye gia nzito hushuka na kusukuma. Badilisha gia kabla ya mlima, ungali unapiga pedali kwa wepesi. Ukingoja mpaka umekwama, cheni inaruka.

Kuanzia Volnay unateremka kuelekea Meursault, na hapa watu wengi hawaoni jambo linalofaa kuonwa. Pommard na Volnay zinatoa mvinyo mwekundu tu chini ya majina yao; Meursault karibu wote ni mweupe. Mizabibu ni jirani, imetenganishwa na njia au ukuta wa mawe wa kimo cha kiuno. Vipande hivi vya shamba, kila kimoja na jina na mpaka wake, huitwa climats, na 1,247 kati ya hivyo viliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Anayekimbizana na saa anapita katikati ya haya yote akidhani ni shamba moja refu lisilo na mwisho. Meursault kwenyewe paa la jumba la manispaa lina vigae vya rangi, ukoo mmoja na vile vya Hôtel-Dieu ya Beaune, ile hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins, ikapokea wagonjwa hadi mwaka 1971. Hiyo nayo itembelee siku nyingine. Usiipachike asubuhi ile ile.

Njiani utakutana na trekta la miguu mirefu, lile linalopita juu ya mstari wa mizabibu, magurudumu huku na huku. Linajaza njia nzima. Simama mahali palipo na upana, weka mguu chini, lipite. Usijiingize kati ya mistari. Kati ya Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet liko shamba la Montrachet, hekta 8 hivi tu, zilizogawanywa kati ya vijiji hivyo viwili, na chupa yake moja inaweza kugharimu kuliko baiskeli uliyopanda. Kuegemeza baiskeli kwenye mizabibu ya hapo ili upate picha ni kumtafuta mwenye shamba ubaya. Stendi tumekufungia, itumie.

Sasa saa. Sela nyingi hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa saa nane. Si kwa kiburi, watu wanakula. Maduka ya vijijini hufanya vivyo hivyo, na Jumapili jioni usitegemee kupata hata mkate. Mwenye nusu siku ya asubuhi anayechelewa kutoka hufika Meursault wakati milango inafungwa, kisha anatuandikia kwamba kijiji kimekufa. Wakulima wadogo wengi hawapokei mtu bila miadi, na tunapowapigia simu kukuombea miadi tunaiandika kwenye karatasi kwa saa za Kizungu na za Kiswahili pamoja. Tulijifunza baada ya familia moja kutoka Mombasa kuandikiwa "10 h", wakasoma saa kumi, wakagonga mlango jioni wakati mwenyeji alikuwa amewangoja asubuhi. Hakuwapokea tena. Kwa hiyo: 10 h ni saa nne asubuhi. Ratiba za treni pia, 16 h ni saa kumi.

Haraka ndiyo inayokula pesa. Saa ikibana, jambo la kwanza watu hufanya ni kuuliza ramani ya simu njia fupi ya kurudi Beaune, na ramani inawapa D974. Ni fupi kweli. Ni barabara kuu ya malori, na kwa anayeendesha kwa burudani haifai hata kilomita moja. Mara mbili mwaka jana tulituma gari kuwachukua watu waliokwama pembeni yake wakiogopa kuendelea au kurudi. Gari ni yuro 45. Watu hao walikuwa wamekataa kuongeza yuro 6 asubuhi.

La pili ni pancha. Mizabibu hufungwa kwenye nyaya, na mkulima anapotengeneza nyaya hizo vipande hudondoka njiani. Kipande cha waya urefu wa nusu kidole kinapenya tairi bila shida. Chini ya siti utakuta kifuko chenye tyubu moja mpya, leva mbili na kadi yenye namba yetu. Pampu imefungwa kwenye fremu. Kubadilisha ni dakika 15 kwa asiyezoea. Lakini kabla ya kuweka tyubu mpya, tafuta waya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima, mpaka kinase. Usitumie kidole, utajikata. Ukiutoa, weka tyubu, jaza upepo kidogo, hakikisha haijabanwa kati ya tairi na rimu, ndipo ujaze hadi bar 4. Mwenye haraka haupekui waya. Anaweka tyubu, inatoboka baada ya mita 200, na hana nyingine.

Na wapo wasiobadilisha kabisa. Mwezi Juni mteja mmoja alipata pancha karibu na Puligny, saa yake ya kurudisha imekaribia, akaamua kuendesha hivyo hivyo juu ya rimu kilomita tano. Alituletea tairi lililochanika ubavuni, rimu iliyopinda na spoku mbili zilizokatika. Tyubu tungemuuzia yuro 8. Alilipa 95, akasema tunamlipisha uchakavu wa kawaida. Rimu haipindi kwa uchakavu.

La tatu, chupa. Chupa moja ya Burgundy iliyojaa ina uzito wa kilo 1.3 hivi, kwa hiyo sita ni karibu kilo 8. Ukiziweka zote kwenye kapu la mbele usukani unakuwa mzito na kila kona inakuvuta upande. Ukipita mawe ya uwanjani kwa kasi, zinagongana. Mifuko ya pembeni ya keria ndiyo mahali pake, tatu kila upande, kila moja imeviringishwa kwa nguo. Bora zaidi, mwombe mkulima akuwekee, tuzipitie na gari jioni. Kwa wateja wetu wa siku nzima hilo halina malipo. Wa nusu siku hatuna namna ya kulipanga, maana gari linatoka mara moja tu kwa siku.

"Basi tupeni ya umeme." Tunayo, yuro 40 kwa siku. Inasaidia sana mlima wa Volnay na upepo wa kurudi, lakini haikupi nusu siku: mota ya wati 250 inakata msaada ukifika kilomita 25 kwa saa, ndivyo sheria inavyotaka, na muda wenyewe hauliwi na pedali. Unaliwa na sela, chakula na kona. Anayeweka msaada wa juu kabisa tangu Beaune ili awahi, betri inaweza kumwishia kabla hajarudi, na baiskeli ya umeme iliyokata chaji ni kilo 25 za kusukuma. Weka msaada wa chini kwenye tambarare, wa juu Volnay tu.

Kuna jambo ambalo mwenye haraka hulifanya vibaya pia, nalo ni kuonja. Sela mbili kwa saa moja, tumbo tupu, halafu barabarani. Kikomo cha Ufaransa ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na mwendesha baiskeli yumo. Faini ni yuro 135, na ukifika gramu 0.8 ni habari ya mahakama. Pale mezani kuna ndoo ya kutemea. Kutema si utovu wa adabu, wenyeji wenyewe wanatema. Na wateja wetu wasiogusa pombe, ambao ni wengi, hawakosi kitu: tunawapangia jibini, haradali na mikate midogo ya jibini iitwayo gougères, na tukipiga simu mapema wapo wakulima wenye juisi ya zabibu zao. Maji tu ndiyo angalizo. Bomba la kijijini lenye maandishi "eau non potable" si la kunywa, hata kama linatiririka safi kama la mlimani.

Yuro 22, kwa anayetaka kujua zinakwenda wapi: kila baiskeli ikirudi inapimwa cheni kwa geji, breki zinaangaliwa unene, spoku zinagongwa moja moja kusikiliza iliyolegea, upepo unapimwa upya. Ni dakika 25 za fundi kwa baiskeli moja, na ndiyo maana tuna chache. Wanaokodisha kwa yuro 12 hawana dakika hizo. Dhamana ya yuro 250 kwenye kadi hatuichukui, inazuiliwa tu. Kwenye kadi za kujaza pesa kabla huweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa na benki, hivyo njoo na kadi nyingine ya matumizi.

Mwenye nusu siku kweli tunamshauri Meursault na kurudi, karibu kilomita 20 zote, atoke saa tatu asubuhi akiwa na miadi moja tu ya saa nne na nusu. Anayeitaka Santenay bila kurudi kwa pedali afuate mfereji wa Canal du Centre kutoka Santenay hadi Chagny, tambarare tupu, kilomita tano hivi, kisha apande treni ya mkoa, iitwayo TER. Hadi Beaune ni dakika 10 hivi. Ndoano za kutundika baiskeli ndani ya behewa ni chache, kwa hiyo mkiwa wanne kama wale wa Brussels, wawili wapande treni hii na wawili inayofuata, na tiketi katieni mapema kabla hamjatoka Beaune.